Jumuiya Ilivunjika, Deni Halikuvunjika



Historia ya nchi jirani husimuliwa mara nyingi kwa mipaka na mikataba. Leo na tuitazame kwa jasho la mfanyakazi.

Tarehe 1 Desemba 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi, makao yake makuu yakiwa Arusha. Kenya, Uganda na Tanzania zikaendesha kwa pamoja reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege. Dereva wa treni mzaliwa wa Tabora aliweza kutumikia Nairobi, na karani wa Kampala aliweza kupangiwa kazi Dar es Salaam. Mwajiri wao alikuwa shirika la nchi tatu.

Mwaka 1977 Jumuiya ilikufa. Mwezi Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kila nchi ikashika mali iliyokuwamo ndani ya ardhi yake. Behewa laweza kuzuiwa mpakani. Je, miaka ishirini ya utumishi huzuiwa wapi, na nani ailipe?

Jibu lilitafutwa kwa miaka saba. Kwa usuluhishi wa Dakta Victor Umbricht wa Uswisi, nchi hizo tatu zilitia saini mapatano Arusha tarehe 14 Mei 1984. Katika mgawanyo wa mali, Kenya ilipangiwa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Aidha, kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake pensheni na mafao waliyoyachuma katika Jumuiya. Mdaiwa akawa amejulikana.

Lakini kumjua mdaiwa si kulipwa. Nchini Tanzania, madai ya wazee hao yalifikishwa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, mwaka 2003. Wadai walikuwa zaidi ya 31,000. Walidai pensheni, fedha zao za akiba, kiinua mgongo, malipo ya notisi na nauli ya kurejea makwao. Septemba 2005 pande mbili zilipatana, hati ikawekwa mahakamani na malipo yakaanza. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu Jumuiya ivunjike. Wengi walikwisha kufariki, na waliosimama kwenye foleni walikuwa wajane na watoto wao.

Hata hivyo mgogoro haukwisha. Serikali ilishikilia kuwa imelipa kwa mujibu wa mapatano. Wazee walishikilia kuwa walichopewa ni pungufu. Walirudi mahakamani, na baadhi yao wakaingia barabarani jijini, hata polisi wakaitwa.

Ndugu askari, fundisho li hapo. Anayetumwa kufungua njia naye ni mtumishi; naye huhesabu miaka yake hadi siku ya kustaafu. Sheria ya barabara lazima ilindwe, lakini mzee anayedai jasho lake si adui wa nchi. Rungu laweza kuondoa watu njiani. Haliwezi kufuta deni. Dawa ya deni ni kulipa, na mahali pa kubishania hesabu ni mahakamani, kwa majalada yaliyotunzwa vyema.

Jumuiya mpya ilianza tarehe 7 Julai 2000. Na ikumbuke kwamba bendera hushushwa, mashirika hugawanywa, lakini ahadi aliyopewa mfanyakazi hubaki shingoni mwa aliyeitoa.