Namba, Mstari na Rangi: Sura ya Marathoni ya Boston

Marathoni ya Boston nchini Marekani ilikimbiwa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 1897, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Athens. Wanaume 15 walianzia Ashland, na mshindi akawa John J. McDermott wa New York. Karibu kila alama inayoyatambulisha mashindano hayo leo ilianza kama kifaa cha kazi tu. Maana ililetwa baadaye na matukio, wala si na wachoraji.

Nembo ndiyo pekee iliyotangulia. Chama cha Riadha cha Boston, kilichoanzishwa 1887, kilijichagulia farasi wa hadithi mwenye pembe moja, mnyama anayesemwa kuwa hufukuzwa asikamatike. Kichwa chake ndicho kinachoonekana kwenye medali.

Namba ya kifuani iliwekwa ili waamuzi wajue nani amepita. Wanawake hawakupewa, na mwaka 1966 Bobbi Gibb alikimbia bila namba. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za majina yake, K. V. Switzer, akapata namba 261. Njiani Jock Semple, mmoja wa wasimamizi, alimrukia akitaka kumng'oa namba hiyo, na wapiga picha walikuwapo. Wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1972. Switzer alirudi 2017, akiwa na miaka 70, akavaa 261 ileile. Baada ya hapo waandaaji waliistaafisha.

Mahali pa kumalizia pamehama mara kadhaa. Kuanzia 1899 hadi 1964 palikuwa Exeter Street, mlangoni pa jengo la chama, kisha pakahamia Prudential Center. Mwaka 1986 kampuni ya bima ya John Hancock iliingia kama mdhamini, zawadi za fedha zikaanza kutolewa, na mstari ukawekwa Boylston Street karibu na maktaba kuu ya jiji. Mstari huo wa buluu na manjano haufutwi mbio zikiisha. Magari huukanyaga mwaka mzima, na watalii husubiri mwanya wapige picha juu yake. Hapo Boylston Street, mwaka 1988, Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa alishika nafasi ya pili tena 1989 na 1990.

Buluu na manjano ni rangi za chama, na kwa muda mrefu hazikuwa na uzito nje ya mashindano. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia, yakaua watu watatu na kujeruhi mamia. Wanafunzi wawili wa Emerson College waliandika maneno mawili, Boston Strong, kwa manjano kwenye fulana za buluu, wakaziuza kuwachangia majeruhi. Kwa jicho la ufundi hakuna kilichobuniwa hapo zaidi ya herufi za kawaida. Nguvu yote ilikuwa katika rangi, na jiji zima likazivaa. Mwaka 2014 Meb Keflezighi, Mmarekani mzaliwa wa Eritrea, aliandika majina ya waliouawa kwenye pembe za namba yake, akashinda.

Alama kubwa kuliko zote njiani haikuchorwa kwa ajili ya mbio hata kidogo. Ni tangazo la kampuni ya mafuta ya Citgo, Kenmore Square. Mkimbiaji akilifikia hujua imebaki takriban kilomita moja na nusu.

Jaketi la mashindano, linalotengenezwa na Adidas, nalo hubadilishwa rangi kila mwaka. La 2014 lilikuwa la machungwa. Hivyo wazoefu wakimwona mtu barabarani hujua alikimbia mwaka gani. Wengi wao hununua jaketi siku za kuchukua namba, lakini hulikunja na kuliweka: kulivaa kabla ya kumaliza mbio huhesabiwa kuwa mkosi.