SOMO LA HISTORIA: PICHA, KIDOLE NA KIPANDE

Ndugu wanafunzi wa Igoma! Aliye na kitambulisho akitoe, akitazame. Pana picha ya uso. Na siku ulipoandikishwa ulitia vidole vyako. Leo tutajifunza mambo haya yalianzaje.

Zamani katika mji wa Paris, Ufaransa, polisi walikuwa na taabu. Mhalifu akikamatwa mara ya pili, hutaja jina jingine. Basi karani wao mmoja, Alphonse Bertillon, akaanza kuwapima waliokamatwa: kichwa, mkono, mguu. Tena kila mmoja akapigwa picha mbili, moja ya uso na moja ya ubavuni. Mwaka 1892 alikamatwa Ravachol, mpinga serikali aliyelipua nyumba za watu wa mahakama. Bertillon akalinganisha vipimo vyake na vya zamani, akajua kwamba ndiye Koenigstein, aliyepata kukamatwa kabla.

Kumbukeni neno hili: Bertillon aliwapima watu waliokwisha kukamatwa.

Sasa twende kwa jirani zetu. Barabara ya Musoma inayopita hapo Igoma hufika mpakani Sirari, na ng'ambo ni Kenya. Huko Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitiwa alama za vidole, akapewa kipande. Alikivaa shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Mwajiri aliandika humo siku za kazi na mshahara. Aliyetoroka kazi alitafutwa na polisi. Mzungu hakuvaa kipande. Na asiyejua kusoma alibeba shingoni maneno asiyoyajua.

Kijana mmoja wa simu mjini Nairobi, Harry Thuku, alikipinga kipande, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye watu walijaa mbele ya kituo cha polisi wakitaka afunguliwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwahimiza wanaume waliositasita. Polisi wakapiga risasi. Walikufa watu zaidi ya 20, na Nyanjiru mmoja wao. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Ndipo Wazungu wengi walipokataa kutia vidole, wakisema hiyo ni alama ya wahalifu. Waafrika walikuwa wameitia miaka mingi, bila kosa.

Basi, ndugu, kidole na picha husema huyu ni nani. Havisemi kama ana kosa. Kwa hiyo kabla ya kutia dole gumba lako, soma kwanza karatasi inasema nini. Ndiyo maana umekuja darasani.

MASWALI
1. Bertillon aliwapima watu gani?
2. Kipande kiliandikwa nini?
3. Kwa nini Wazungu walikataa kutia vidole?
4. Andika jina lako bila kutia kidole.