Nani Ajenge Turkana?

Serikali ya kikoloni ilipomleta Jomo Kenyatta Lodwar mwaka 1959, ukuta wa kifungo chake ulikuwa ni umbali. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Uhuru haukuuondoa utengo huo. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulipeleka fedha za maendeleo penye mvua na ardhi ya rutuba, na hata barabara ya Kitale hadi Lodwar ilisubiri msaada wa Norwei miaka ya 1980.

Katiba ya 2010, kifungu cha 227, ndiyo iliyoruhusu waliobaguliwa kupewa kipaumbele katika zabuni za umma. Mwaka 2013 serikali ilitenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwaka huohuo serikali ya kaunti ikaanza kazi Lodwar.

Kwa mkandarasi mdogo, afueni kubwa ilikuwa karatasi moja: tamko analotia saini anapoomba zabuni, badala ya dhamana ya benki. Katika nchi ya wafugaji, ambako ardhi ni ya jamii, wengi hawana hati ya shamba ya kuweka rehani. Lakini kushinda zabuni ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Saruji na nondo hutoka mbali na hutaka pesa taslimu, ilhali kaunti nyingi za Kenya zimewadai subira wakandarasi kwa miaka. Kampuni kubwa huvumilia, changa hufa.

Tena fungu la asilimia 30 ni la raia. Kakuma, kambi iliyoanza 1992, imejaa waashi na maseremala wakimbizi, na utafiti wa 2018 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulihesabu humo biashara zaidi ya 2,000. Fungu hilo haliwahusu.

Njia nyingine ilipatikana jirani, Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa 2016 kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Kuanzia 2018 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, liliacha kuzitafutia baadhi ya familia mkandarasi, likazitilia pesa za nyumba benki, kwa awamu. Mama mwenye nyumba akawa ndiye mtoa kandarasi. Alipatana bei ya tofali, akachagua fundi, awe Mturkana au Mkongomani, kisha akasimama juani akihesabu kozi zinavyopanda, kwa kuwa awamu ya pili haikutoka mpaka ya kwanza ionekane ukutani.