Supu ya Maharage ya Kipupwe: Historia Yake Kutoka Ngara na Biharamulo



Upepo wa kusi ukishaingia, kila nyumba hapa visiwani hubadilisha vya jikoni. Chai inatiwa tangawizi zaidi, uji unatiwa pilipili manga, na supu ya adesi inarudi mezani hata kama Ramadhani iko mbali. Leo nataka tuvuke bahari, twende mpaka Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera. Ngara ndiyo inayopakana na Rwanda na Burundi, na Biharamulo iko mashariki yake. Milima ya Ngara inapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai ni wa blanketi na moto. Chakula kinachowapa watu joto huko ni maharage, mara nyingi ndani ya sufuria moja na ndizi mbichi au mboga za majani.

Sababu ya kuwapeleka mbali hivyo ni kwamba sufuria hii ya maharage imepita katika mambo mazito. Na ndani yake mna somo ambalo kila biharusi anafaa kuingia nalo kwenye nyumba yake: maharage yanataka akili kuliko yanavyotaka moto.

Maharage ni mgeni aliyepewa nyumba

Wengi tunaona maharage ni chakula cha asili cha bara. Ukweli ni kwamba asili yake ni Amerika, kuanzia Mexico mpaka milima ya Andes. Yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita katika bahari hii, kuanzia karne ya 16. Kabla ya hapo Waafrika walikuwa na kunde na njugu mawe, ambazo ni za hapa hapa Afrika, pamoja na mbaazi zilizotoka upande wa India.

Kutoka pwani maharage yalisafiri kuingia bara, na yalipofika katika nchi za milima kuzunguka Maziwa Makuu yakapata makazi. Hali ya hewa si ya joto kali, mvua zinanyesha misimu miwili, na mmea wake unakomaa ndani ya miezi mitatu hivi. Mkulima wa Ngara anapanda kati ya Septemba na Oktoba akavuna mwisho wa mwaka, kisha anapanda tena Februari au Machi akavuna kuelekea Juni. Kwa hiyo baridi inapoanza, maharage mapya yametoka shamba. Na maharage mapya yanaiva upesi. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, hata ukiyachemsha yanabaki na kiini kigumu. Ndiyo maana sisi wa visiwani, ambao maharage yetu yamesafiri na kukaa kwenye hewa yenye unyevu, mara nyingi tunalalamika kwamba hayaivi.

Warundi wanayaita ibiharage. Ukilisikia jina hilo na neno letu maharage, huhitaji kufundishwa kwamba ni ndugu. Wahangaza wa Ngara lugha yao iko karibu sana na Kirundi, na nchi yao ya Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla wakoloni hawajachora mipaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walichukua Rwanda na Urundi, Bugufi ikabaki Tanganyika chini ya Waingereza. Mpaka ukagawa watu, lakini chakula cha jioni kikabaki kile kile pande zote mbili.

Watu wa Unguja walipita huko

Msidhani njia kati ya visiwani na huko ni mpya. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wameshafika Karagwe, kaskazini ya Ngara, wakitokea pwani kupitia Tabora. Huko walikuwa na kituo chao cha biashara, Kafuro.

Mwaka 1860 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Unguja na msafara wake kutafuta chanzo cha Mto Nile. Miongoni mwa watu wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyechukuliwa utumwani utotoni akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara ule ulipita Usui, nchi iliyokuwa katika maeneo ya Biharamulo na Ngara ya leo, kabla ya kuingia Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Mtawala wa Usui aliitwa Suwarora, na wasafiri walikumbuka nchi yake kwa ukali wa hongo, yaani ushuru waliotozwa wapite.

Historia imeandika majina ya wanaume hao, na hongo waliyotoa. Lakini msafara hauendi bila kula, na chakula hununuliwa vijijini. Nafaka na kunde za misafara zililimwa, zikapukuchuliwa na kupetwa kwa mikono ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa. Tunaposoma historia ya misafara, tuwakumbuke na wao.

Aprili 1994: maharage bila kuni

Wilaya ya Ngara ilizoea kupokea watu. Miaka ya 1960 Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao walipewa makazi Muyenzi. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, Warundi wengi walikimbilia Tanzania.

Kisha yakaja yale ambayo hakuna aliyeyategemea. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Rwanda ikiwa katikati ya mauaji ya kimbari, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilisema halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka kwa muda mfupi namna ile. Walikuwemo wasio na hatia, na walikuwemo waliokimbia damu waliyoimwaga wenyewe. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa ndani ya siku chache. Baada ya muda zikafunguliwa kambi nyingine, na wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Chakula cha msaada kilikuwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Hapo ndipo mwanamke mwenye nyumba anapoelewa tatizo hata kabla hajaambiwa. Maharage makavu si chakula mpaka yapate maji, sufuria na moto wa saa mbili au tatu. Zidisha moto huo kwa maelfu ya familia, kila siku. Miti ya karibu na kambi ilikwisha, na kina mama na watoto wakawa wanatembea masaa kutafuta kuni. Njia ya kuni ikawa ndefu, na kwa mwanamke na binti yake ikawa pia njia ya hatari.

Mashirika yaliyohudumia kambi yakaanza kufundisha mambo ambayo bibi zetu wangeyaita ya kawaida. Lowekeni maharage usiku kucha. Funikeni sufuria. Kateni kuni ndogo ndogo na mzikaushe. Jengeni jiko la udongo linaloukumbatia moto badala ya mafiga matatu yanayopeperusha joto. Ni mambo madogo, lakini kila saa ya moto iliyopungua ilikuwa safari ya porini iliyopungua.

Na wenyeji? Waliumia, kwa sababu miti yao ilikatwa na mashamba mengine yaliibiwa. Lakini biashara nayo ilichangamka. Mkimbizi aliyechoka kula mahindi na maharage peke yake alitamani ndizi na mboga, na mkulima wa Ngara alikuwa nazo. Ndizi zikapanda bei, na vyakula vya msaada vikaingia masokoni na katika sufuria za vijijini. Hali iliendelea hivyo mpaka Desemba 1996, serikali ya Tanzania ilipowataka Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Warundi wengi walibaki miaka mingine zaidi, katika kambi ya Lukole.

Ongeza maji, mkumbuke jirani

Ninapoisoma historia hii, huikumbuka hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ambamo Mtume wetu (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba akipika mchuzi auzidishe maji na awaangalie majirani zake. Hakumwambia anunue nyama zaidi. Alimwambia aongeze kitu ambacho hata maskini anacho.

Supu ndiyo chakula cha wasia huo. Wali ukiuongezea maji unaharibika, lakini supu inakua. Kikombe kimoja cha maharage, ambacho kama mchuzi mzito kinatosha watu watatu, kikiwa supu yenye mboga kinawatosha watu sita na bakuli la kumpelekea jirani mgonjwa. Na katika Sahih Bukhari tunaelezwa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza ipikwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, kwa sababu unatuliza moyo. Kwa hiyo chakula chepesi cha moto kumpa mtu mwenye huzuni ni jambo lenye mizizi katika dini yetu.

Dada yangu unayejiandaa kuolewa, somo yako atakufundisha mengi. Lakini kuna siku fungate imekwisha, mshahara haujafika na wifi amekuja na watoto bila taarifa. Siku hiyo hutahitaji biriani. Utahitaji kujua namna ya kufanya kidogo kiwe cha heshima.

Namna ya kuipika

Kwa watu sita: kikombe 1 cha maharage, kitunguu maji 1, thomu punje 4, tangawizi kipande cha kidole, karoti 2, kipande cha boga, nyanya chungu 3, tungule 2, fungu la mchicha, bizari nyembamba kijiko kidogo 1, pilipili manga, chumvi, mafuta vijiko 2 na ndimu.

Yachambue maharage na uyaloweke usiku kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, maana ndani yake mna sehemu ya vinavyojaza tumbo gesi. Tia maji mapya vikombe 8, weka motoni, na yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 nzima kabla hujapunguza moto. Usipuuze hili, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yakiwa hayajachemka sawasawa yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha.

Funika, punguza moto, na yaache mpaka yalainike kabisa. Usitie tungule wala ndimu mapema, kwa kuwa ukali wake unachelewesha maharage kulainika. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini, bora uyaache.

Kama unataka kuokoa makaa au gesi, fanya hivi. Baada ya kuchemka dakika 20, sufuria ikiwa imejaa na imefunikwa, iingize ndani ya kikapu chenye mito na uifunike juu kwa mto mwingine. Joto halitoki, na maharage yanaendelea kuiva yenyewe. Ukitoka kwenye shughuli zako unayarudisha motoni yachemke tena na kumalizikia. Sisi tunaoshona mito hiyo tunaijaza mabaki ya vitambaa, haigharimu kitu.

Maharage yakiwa laini, ponda upawa mmoja wake urudishe ndani ili supu ipate uzito. Kaanga kitunguu, thomu, tangawizi na bizari, kisha tungule, umimine ndani. Tia karoti, boga na nyanya chungu. Vikiiva, tia chumvi, pilipili manga na mchicha, acha dakika 3 tu. Kamulia ndimu wakati wa kupakua. Ndimu ina kazi zaidi ya ladha, inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, jambo la faida kwa mwanamke. Maharage yana pia folati, ambayo mama mjamzito anaihitaji tangu siku za mwanzo.

Ukitaka kuila kama watu wa Ngara, badala ya boga tia ndizi mbichi zilizomenywa na kukatwa vipande. Tui la nazi ni letu sisi wa pwani. Ukilitia, litie mwisho na liwe jepesi, maana supu hii uzuri wake ni wepesi.

Basi kipupwe hiki, maharage yakiwa yanalowekwa, wasimulie wanao kwamba kuna wilaya mpakani ambako kina mama walitembea masaa kwa ajili ya moto wa sufuria hii hii. Kisha uongeze maji kidogo, umpelekee jirani yako bakuli likiwa bado la moto.

Allah atujaalie riziki ya halali, nyumba zenye utulivu na majirani wema. Amin.