Soko la Ubatili: safari ya msemo kutoka gerezani hadi jalada la jarida

Kutoka mlima Mbololo, hapa Taita, Voi iko chini bondeni na Sagalla ng'ambo yake. Huko Sagalla ndiko Joseph Wray wa shirika la kimisionari la CMS alikoanzisha misheni mwaka 1883. Wamisionari wa zama zake walikienzi kitabu kimoja karibu sawa na Biblia: The Pilgrim's Progress cha John Bunyan, ambacho kimetafsiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo.

Ndani yake ndimo ulimozaliwa msemo “Vanity Fair”, Soko la Ubatili, ambao Waingereza huutumia kuusuta ulimwengu na anasa zake.

Bunyan alikuwa fundi wa kuziba sufuria huko Bedford. Mwaka 1660 alitiwa ndani kwa kuhubiri bila idhini, akasota gerezani miaka 12. Kitabu kilitoka mwaka 1678. Humo, msafiri aitwaye Mkristo na mwenzake Mwaminifu wako njiani kwenda Mji wa Mbinguni, na njia haina mchepuko: lazima wakatize mji wenye soko lisilofungwa mwaka mzima. Huuzwa nyumba, vyeo, falme, wake na waume, hata roho za watu. Wasafiri wanakataa kununua, wanashtakiwa kuwa wachochezi, na Mwaminifu anachomwa moto. Wazo la ubatili limetoka katika kitabu cha Mhubiri.

Mwaka 1847 mwandishi William Thackeray alianza kuchapisha riwaya kwa jina hilohilo, Vanity Fair. Thackeray alimwondoa msafiri, akabakiza soko. Mhusika wake mkuu, Becky Sharp, halikimbii, anapatana bei. Kufikia 1914 New York ilikuwa na jarida la mitindo na watu mashuhuri lenye jina hilo. Suto likawa tangazo.

Pwani, onyo la ubatili lilikuwa limekwisha kutolewa hata kabla ya Thackeray. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi. Yeye hakuchora soko lililochangamka, bali majumba ya mabwanyenye wa kisiwa cha Pate yaliyogeuka magofu, popo wakining'inia ndani.

Bunyan humwonya mnunuzi angali na pesa mkononi. Sayyid Abdalla humwonyesha kilichobaki baada ya kununua. Mtu wa Mbololo, aliye kati ya mvuto wa misheni na wa pwani, ana haki ya kurithi maonyo yote mawili. Wahenga walilifupisha onyo hilo: dunia hadaa, ulimwengu shujaa.