Kipekecho: jina la mashine ndogo iendayo mbio

Ni mashine ya umeme inayoshikwa kwa vidole kama kalamu nene. Ndani mna mota, na kwenye ncha hubanwa biti ndogo ya kutoboa, kukata, kusugua au kung'arisha. Anayegeuza vifuu vya nazi kuwa pete huihitaji, na pia anayeandika majina kwenye bilauri, anayeunda mifano ya majahazi na anayerekebisha bawaba ya kisanduku cha zamani. Kiingereza huiita kwa jina lisilosema zaidi ya kwamba ni chombo kinachozunguka. Jina hilo halitufai kulitafsiri. Drili inazunguka, grainda inazunguka, na hata feni ya dari inazunguka.

Wengi wameiepuka taabu hiyo kwa kuiita Dremel, jina la kampuni iliyoanzishwa na Albert J. Dremel mwaka 1932 mjini Racine, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na ambayo tangu 1993 ni mali ya Bosch. Kiswahili hakishangazwi na jambo hili: rangi ya viatu tumeiita kiwi na nepi za kutupa tumeziita pampasi, bila kuuliza nani amezitengeneza. Lakini pampasi ikikosewa hasara ni ndogo. Mashine inayoitwa kwa jina la kampuni humfanya mnunuzi akague maandishi ya kasha badala ya kukagua mashine, na maandishi ya kasha ndiyo rahisi kuliko yote kuigiza.

Jina lingine linalokuja upesi ni grainda ndogo. Hilo nalikataa kwa nguvu zaidi, kwa sababu linamfundisha mtu kuitumia vibaya. Diski ya grainda ya kawaida ina kipenyo cha milimita 115 na huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo, ukingo wake hupita juu ya chuma kwa kasi ya takriban mita 66 kwa sekunde. Sasa chukua biti ya milimita 3 uizungushe mara hizohizo 11,000. Ukingo wake haufikishi hata mita 2 kwa sekunde, na hapo biti haikati bali inaparura na kurukaruka. Ndiyo maana mashine yetu hupandishwa hadi mizunguko 30,000 au 35,000 kwa dakika. Udogo wa biti unafidiwa kwa mbio.

Mbio hizo lakini hazina msuli nyuma yake. Mashine nyingi nzuri za aina hii zina mota ya wati 130 hadi 175, ilhali grainda huwa na wati 700 na zaidi. Aliyeambiwa kwamba ameshika grainda ndogo ataikandamiza kama grainda. Mota itapungua kasi, na kwa kuwa feni ya kuipoza imefungwa kwenye mhimili uleule, upepo nao utapungua wakati joto linapanda. Mashine nyingi hufa hivyo, wala si kwa ubovu wa kiwandani. Inatakiwa kugusa kazi kidogo, kuondoa, kugusa tena, na kuuacha mzunguko ufanye kazi.

Kiswahili kina kitenzi cha mwendo huohuo: kupekecha. Ni kukizungusha kijiti upesi katikati ya viganja, ama kwa kutoboa au kwa kupata moto, na anayepekecha moto anajua kwamba haupatikani kwa kuegemea kijiti kwa uzito wote wa mwili. Kwa hiyo napendekeza kipekecho, wingi vipekecho. Mtu anaweza kusema kwamba kupekecha ni kutoboa tu. Ni kweli kwamba kutoboa kumo, lakini kazi hiyo tayari ina keekee kwa mafundi wa zamani na drili kwa wa sasa, kwa hiyo jina hili halimnyang'anyi mtu chombo chake. Niliwahi kufikiria pia kichongeo, ila mtoto yeyote wa shule atakwambia hicho ni cha penseli.

Istilahi moja haitoshi, kwa kuwa mnunuzi anahitaji kutaja na viungo vyake. Kipete kilichopasuliwa kinachobana biti kiitwe koleti. Sehemu ya biti inayoingia ndani ya koleti ni shina. Hapa kuna mtego: mashina ya biti nyingi za Kimarekani ni milimita 3.2, mengi ya Ulaya ni milimita 3, na biti za mafundi wa meno, ambazo ni bora sana kwa nakshi ndogo, ni 2.35. Koleti moja haibani zote sawasawa. Kipekecho kinachouzwa na koleti za vipimo kadhaa kina thamani kuliko kile chenye kasha la biti mia moja dhaifu.

La pili la kutazama ni kuyumba. Omba kiwashwe dukani kikiwa na biti nyembamba, kisha angalia ncha. Ikionekana nene kuliko ilivyokuwa imesimama, au kama ncha mbili, koleti au beringi si sawa, na hakuna ustadi wa mkono utakaoirekebisha.

La tatu ni kidhibiti mwendo. Plastiki huyeyuka na kuganda kwenye biti ikizungushwa mbio sana, hivyo mashine isiyoshuka hadi mizunguko 10,000 au chini ya hapo inakufungia mlango wa kazi nyingi. Mpingo nao huungua ukawa na harufu kabla hujaona alama, na vumbi lake huwasha ngozi na njia ya hewa, kwa hiyo barakoa na miwani vinunuliwe siku hiyohiyo. Glavu pana ziachwe, maana biti inaweza kuzinasa.

Vya betri vinapendeza kwa kazi za dakika chache. Kwa anayechonga saa nzima, cha waya kinafaa zaidi, na kikiwa na shafti inayopindika ni bora, kwani mota huning'inizwa pembeni na mkono hubaki na kishikio chepesi tu. Na kama ndugu anakuletea zawadi kutoka Marekani, mwambie asome kibao cha volti. Cha waya kilichotengenezwa kwa volti 120 kikichomekwa kwenye 230 zetu huungua, na adapta ya kubadili umbo la plagi haipunguzi umeme hata kidogo. Hapo itahitajika transfoma ya kushusha volti, yenye wati zinazozidi zile za kipekecho.