Bandari ya Hambantota na Kisa cha Rehani

Hambantota, bandari iliyoko kusini mwa kisiwa cha Sri Lanka, ambacho mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikijua kwa jina la Sarandibu, haitajwi siku hizi ila husimuliwa pamoja nayo kisa kile kile: kwamba serikali ilikopa kwa Wachina, ikashindwa kulipa, na mdai akaitwaa bandari kama mwenye rehani anavyotwaa nyumba ya mdaiwa wake. Kisa hicho kilifika hata Mombasa, ambako mwaka 2018 zilivuma habari kwamba bandari imewekwa rehani kwa ajili ya reli mpya, na serikali ikalazimika kukanusha.

Basi na tuzitazame hesabu. Awamu ya kwanza ya ujenzi iligharimu dola milioni 361 za Marekani, na katika hizo milioni 307 zilikopwa mwaka 2007 kutoka Benki ya Exim ya China kwa riba ya asilimia 6.3, ambayo si nyepesi hata kidogo. Wazo lenyewe halikuzaliwa Beijing, kwa kuwa kampuni ya SNC-Lavalin ya Kanada, kisha Ramboll ya Denmark, zilikwisha kuuchunguza mradi huo mapema. Bandari ikafunguliwa Novemba 2010, ikapewa jina la Rais Mahinda Rajapaksa, mzaliwa wa wilaya hiyo hiyo (watawala hawangoji kufa ndipo majina yao yaandikwe milangoni), lakini meli hazikuja: mwaka 2012 zilitia nanga 34 tu, ilhali Colombo ilipokea zaidi ya 3,600. Waliosema kuwa biashara ile ni hasara walisema kweli.

Walipodai kuwa ilinyang'anywa ndipo walipokosea. Mwaka 2017 serikali iliyomrithi Rajapaksa iliikodisha bandari kwa miaka 99 kwa kampuni ya China Merchants, iliyopata hisa kiasi cha asilimia 70 kwa dola bilioni 1.12. Lau ingekuwa ni rehani iliyotwaliwa, deni lingefutwa. Kumbe halikufutwa, bali lilihamishiwa Hazina, na fedha za ukodishaji zikaingia kuongeza akiba ya fedha za kigeni, iliyokuwa ikimalizwa na madeni mengine, hususan hatifungani zilizouzwa katika masoko ya dunia. Nchi ilipositisha malipo Aprili 2022, fungu la wenye hatifungani hizo lilikuwa kubwa kuliko la China.

Bandari ile, kwa hiyo, ilikodishwa na serikali iliyohitaji dola kwa dharura, na mkataba wake utakwisha mwaka 2116.